Kwa vijana wa uinjilisti mnaoshinda sokoni, gereji na stendi

Bwana Yesu asifiwe, wanangu.

Nawaandikia ninyi ambao Jumatatu hadi Jumamosi hamshiki kipaza sauti: mnauza nyanya, mnaendesha bodaboda, mnasuka nywele, mnafungua injini za watu. Wapo wanaodhani huduma yenu huanza mkishavaa sare Jumapili. Mimi naona huanza pale mteja anapoomba kilo moja, nanyi mkashika mizani.

Someni tena Matendo 18. Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Priskila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Sabato alihojiana na watu katika sinagogi, lakini riziki aliitafuta kwa mikono yake. Na Apolo, msemaji hodari, alipofundisha huku akijua ubatizo wa Yohana tu, mume na mke wale hawakumwaibisha hadharani. Walimchukua kwao wakamweleza. Mambo mengi ya imani hueleweka hivyo, nyumbani, mtu akiwa na nafasi ya kuuliza mara mbili.

Fundi anayemfungia mteja kipuri cha zamani kwa bei ya kipya, kisha akamwambia "Yesu anakupenda", amemkwaza mtu yule vibaya sana. Wazee wetu wa Uamsho, ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walilijua hili. Walioguswa walirudisha walivyoiba, wakalipa madeni, wakaombana msamaha mbele ya watu. Jirani aliyerudishiwa jembe lake hakuhitaji kuvutwa shati ili asikilize.

Ila sisemi mnyamaze. Uaminifu kazini peke yake haumtaji Kristo. Mtu anaweza kukaa karibu na kibanda chako miaka mingi akidhani wewe ni mpole wa kuzaliwa tu. Petro ametuagiza tuwe tayari siku zote kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole. Basi ukiulizwa, usianze kusifu kanisa lako wala mchungaji wako. Sema kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, na kwamba yeyote amwaminiye husamehewa. Hayo husemwa kwa sauti ya kawaida, hata mikono ikiwa na grisi.

Mahubiri ya ndani ya daladala yananiumiza. Abiria amebanwa, hawezi kushuka, na huenda anatoka msibani. Msimhubirie asiyeweza kuondoka. Mgonjwa wodini naye aombwe ruhusa kwanza. Akikataa, mpeni uji wake na mmuage kwa amani. Kwa majirani zetu Waislamu, msibeze dini yao, wala msipekue Kurani kutafuta pa kuwashikia. Nendeni kwenye misiba yao kama wao wanavyokuja kwenye yetu. Wakiuliza, wajibuni kweli yote bila kuificha.

Na mtu akiamini, msimwandike jina daftarini mkamsahau. Huenda nyumbani kwake hawamsemeshi tena. Mtembeleeni, msome naye Injili ya Marko, sura moja kwa jioni moja, na asiyejua kusoma msomeeni. Nami nipo nyumbani kila Alhamisi jioni. Mleteni.

Mzee wenu wa kanisa