Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kura ya Majengo ya Sekondari

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama na vijana, habari za mwaka.

Nina jambo moja kubwa. Mengine nitayapitia mbiombio. Misiba tulishirikiana vizuri. Ada bado tunakumbushana, na mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe. Uwanja wa ndege tumekwenda mara chache mno kupokea wageni, kwa kuwa mpango wa kuwaleta wakimbizi Marekani ulisimamishwa Januari 2025, na humu ukumbini wapo wanaosubiri mke, dada au watoto. Hao tuendelee kuwatembelea.

Jambo kubwa ni kura ya Novemba. Wilaya yetu ya shule iliomba ridhaa ya wananchi ikope kwa hatifungani, yaani hati za deni zinazolipwa polepole kwa kodi ya majengo, ili ikarabati sekondari: paa, boila, maabara, na viyoyozi kwa madarasa ya ghorofa ya juu. Waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliosema hapana, na bado ombi likaanguka. Simu zilinimiminikia usiku ule: "Mwenyekiti, tumeibiwa?" Hatukuibiwa. Hapa jimboni Iowa mkopo wa namna hii haupiti kwa nusu na moja. Sheria inataka asilimia 60. Jirani zetu wa Iowa City walivuka kiwango hicho mwaka 2017, wakapata zaidi ya dola milioni 191. Cedar Rapids waliomba milioni 220 mwaka 2023, wakakataliwa. Sisi tulikwama katikati, na kukwama katikati kunauma zaidi.

Paa nimeliona kwa macho yangu. Jioni ya wazazi kukutana na walimu, Oktoba, mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye korido ya maabara palikuwa na ndoo tatu za njano, na mhudumu wa usafi akizihamisha moja baada ya nyingine kama mtu anayecheza bao. Binti yangu alizipita bila hata kuzitazama. Mwishoni mwa Agosti, shule zinapofunguliwa, watoto hurudishwa nyumbani mapema kwa joto. Ukimwambia mtu Kigoma au Bukavu kwamba mtoto Iowa amefukuzwa darasani na joto, atadhani unamtania.

Sasa nije kwenye makosa, na la kwanza ni langu. Nilirekodi ujumbe wa sauti nikausambaza kwenye kundi letu, nikasema: "Kodi ya nyumba itapanda kidogo." Nilimaanisha kodi ya majengo, ile anayoilipa mwenye nyumba serikalini. Lakini mnaopanga, na ndio wengi wetu, mlisikia kile ambacho kila Mswahili angesikia: kodi ya mwezi, mwenye nyumba anakuja kugonga mlango. Kabla ya saa mbili usiku habari ilikuwa imefika hadi kwaya ya kanisa kwamba mwenyekiti anataka mpandishiwe kodi. Sitajitetea sana. Mwenye nyumba akiongezewa kodi ya majengo anaweza kweli kuihamishia kwa mpangaji, ila hilo nilipaswa kulisema wazi, na kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Nyumba ya dola 200,000 haitozwi kwa thamani yake yote. Jimbo hupunguza kwanza, na kinachobaki kutozwa ni chini kidogo ya nusu. Kwa hiyo kila dola moja ya kodi inayoongezwa kwa kila elfu ya thamani inayotozwa inamgharimu mwenye nyumba hiyo chini ya dola 100 kwa mwaka. Kwa mwezi ni kama dola 8. Mtu anaweza kukataa hata hizo, ni haki yake, lakini azikatae akiwa anazijua.

La pili, mzee mmoja aliuliza mkutanoni kwa nini shule inataka paa wakati walimu wanaowafundisha watoto wetu Kiingereza hawatoshi. Nilimjibu kwa mkato, na ninamwomba radhi mbele yenu. Swali lake lilikuwa zuri. Jibu ni kwamba mifuko ni miwili: fedha ya hatifungani ni ya majengo na vifaa, na hairuhusiwi kulipa mshahara wa mwalimu. Kukataa paa hakumleti mwalimu.

Mzee mwingine, naye alijenga sekondari ya kata kwa kubeba mawe, alisema: "Nipeni tarehe, nitakuja na koleo." Tulicheka, lakini ndivyo tulivyolelewa wote. Wengine waliita msaragambo, wengine harambee, wengine salongo. Hapa koleo halihitajiki. Inahitajika karatasi ya kura, na wengi wenye uraia hawakuja. Ninaowajua kwa hakika kwamba walipiga kura nawahesabu kwa vidole, na vidole vinabaki. Mama mmoja alinipigia saa tatu usiku. Bahasha yake ya kura ya mapema ameiona, ilikuwa kwenye mkoba, chini ya risiti, aipeleke wapi? Vituo vilifungwa saa mbili.

Kwa kuwa sheria ya mwaka 2023 inaruhusu kura za hatifungani Novemba tu, ombi haliwezi kurudi kabla ya Novemba ijayo. Kamati imekubaliana tuanze mapema, na chama kitasema wazi kinaunga mkono. Kumpigia debe mgombea tumekatazwa, ila kwenye swali la kura kama hili tunaruhusiwa kwa kiasi. Karatasi iko kwa Kiingereza. Asiyeweza kuisoma ana haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, au kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Ambaye hajajiandikisha anaweza kujiandikisha siku hiyohiyo kituoni, akija na kitambulisho na uthibitisho wa anakoishi. Na ninarudia kwa sauti: mwenye kadi ya kijani, ambaye bado si raia, asijiandikishe wala asipige kura, hata akihimizwa na rafiki. Anaweza kupoteza kila kitu. Yeye kazi yake iwe kuendesha gari na kulea watoto wa wanaokwenda.

Ujumbe wa sauti utarekodiwa upya na dada yetu mmoja anayetafsiri hospitalini. Mimi nimeondolewa kwenye kipaza sauti, na nimekubali. Wenye magari ya viti saba wamwone katibu sasa hivi, kabla pilau halijaletwa.