Kwa walimu wa kidato cha kwanza: mtoto asiyenyoosha mkono

Wanangu walimu,

Kila darasa lina mwanafunzi anayejua jibu na hanyooshi mkono. Mmezoea kumwita mpole, wengine humwita jeuri. Wapo wapole kweli. Ila anayeumwa tumbo kila siku ya kusoma kwa sauti, anayeshinda njaa kuliko kupanga foleni ya mihogo na wenzake, na hali hiyo ikapita miezi 6, huyo huenda ana hofu ya kijamii, yaani hofu kali ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu. Mara nyingi huanza kwenye miaka 13 hivi, umri wa hao mnaowapokea.

Hofu hiyo hukuzwa na kujichunguza. Ukimwuliza swali, yeye yuko kwenye sauti yake: inatetemeka? Jasho linaonekana? Anavyojihisi, anaamini ndivyo anavyoonekana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake, Marekani, waliwavalisha wanafunzi fulana ya kuonea aibu, yenye picha ya mwanamuziki, na kuwaingiza mmoja mmoja kwenye chumba cha wenzao. Waliovaa walikisia karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Waliotambua walikuwa kama robo tu.

Halafu anajikinga: anakariri sentensi kichwani, anaharakisha, anaficha uso kwa daftari. Akikariri, swali limempita. Na mambo yakienda vizuri, sifa inaenda kwa daftari.

Ukimwambia "basi, kaa", anapata nafuu palepale, na kesho hofu imeongezeka, maana amejifunza kwamba kukwepa kunalipa. Kumburuta ubaoni nako ni kubaya. Mpandishe kidogo kidogo: amjibu jirani yake, kisha asome sentensi moja akiwa amekaa, kisha asimame palepale alipo, mbele ya darasa iwe mwisho. Arudie kila hatua mara kadhaa kwa wiki mpaka hofu ishuke. Mara moja kwa muhula haisaidii kitu. Kabla ya zamu aandike anachokihofia, "watacheka wote", na baadaye aandike kilichotokea.

Hapo ndipo wengi mnapoharibu. Darasa likicheka kweli, utabiri wake umetimia. Wanafunzi hawa wametoka kusoma kwa Kiswahili, sasa masomo ni kwa Kiingereza; usimsahihishe matamshi katikati ya sentensi, na anayecheka mnyamazishe wewe. Kibao cha kuvishwa shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili, kama bado kipo shuleni kwenu, kichomeni.

Akianza kukosa shule, mwite mzazi na mwalimu wa ushauri nasaha. Akigusia kutotaka kuishi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani.