Koili haiungui bure: tuambiwe ugumu wa maji yetu

Mhariri,

Koili ya hita ikiungua, wa kwanza kulaumiwa ni mtengenezaji, kisha umeme. Maji hayaulizwi, ilhali mara nyingi ndiyo chanzo. Sisi mafundi wa vifaa vya nyumbani tunaomba nafasi tueleze uharibifu unavyotokea na namna ya kuuzuia, kisha tuwaombe wasambazaji wa maji jambo moja.

Maji magumu ni yale yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu nyingi, madini yanayoyeyuka maji yanapopita kwenye miamba ya chokaa. Kipimo chake hutajwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu katika lita moja: hadi 60 ni maji laini, 61 hadi 120 ni ya wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Kwa mnywaji hayana neno. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Shida huanza yanapopashwa moto. Bikaboneti, chumvi iliyoyeyuka ndani yake pamoja na madini hayo, huvunjika, gesi ya kaboni dioksidi hutoka, na kinachobaki ni kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa, ambayo haiyeyuki tena. Hiyo hugandia hasa pale penye moto mkali zaidi, yaani juu ya koili.

Chukua birika la umeme la lita 1.5 linalochemshwa mara 4 kwa siku, maji yakiwa na ugumu wa miligramu 200. Hizo ni lita 6, zenye gramu 1.2 za madini. Ikiganda nusu tu, kwa siku 30 zimetimia gramu 18 za chokaa katika chombo kimoja. Ganda hilo hupitisha joto vibaya kuliko metali, kwa hiyo koili hubaki na moto wake, ala ya metali inayoifunika hupata ufa, maji hupenya, na swichi kuu huanza kujizima kila hita inapowashwa. Kabla ya kufika huko kifaa hutoa ishara. Birika hujizima maji hayajachemka, kwa sababu kikatizi cha joto kilicho chini yake kinadhani limekauka. Tangi la hita hunguruma na kupasukapasuka kama mahindi kwenye kikaango: ni mvuke ulionaswa chini ya tabaka la chokaa. Mashine ya kufulia huchukua muda mrefu kupasha maji yale yale.

Kwa birika, yeyusha gramu 15 za asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaofanana na sukari, katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Ongeza kwa kiwango hicho hicho hadi chokaa yote ifunikwe, kisha acha dakika 20 hadi 30. Usichemshe. Joto kali linaweza kuigeuza chokaa kuwa sitreti ya kalsiamu, ambayo nayo hugandia pale pale. Mapovu yakikoma na chokaa bado ipo, asidi imekwisha nguvu, mwaga, rudia. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hufaa pia, ila ni ya polepole na harufu yake hukaa. Suuza, chemsha maji mara moja, uyamwage. Usikwangue kwa kisu wala kwa waya wa kusugulia, maana kila mkwaruzo ni mahali pa chokaa mpya kushikilia. Na tunasisitiza: asidi au siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu.

Mashine ya kufulia, kama kijitabu chake hakikatazi, hupewa gramu 100 za unga huo moja kwa moja kwenye ngoma, bila nguo, kwa nyuzi 60. Chomoa pia bomba linaloingiza maji kwenye mashine utoe kile kichujio kidogo cha wavu. Mara nyingi ndicho kimeziba, si pampu iliyokufa. Kufua kwa nyuzi 30 au 40 hupunguza sana kuganda.

Hita ya tangi ni kazi ya fundi, angalau mara moja kwa mwaka. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu, maji huachwa yapoe, tangi humwagwa na matope ya chokaa hutolewa. Hapo hapo hukaguliwa ile fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ikibaki waya wa katikati, ibadilishwe. Thamostati, yaani kidhibiti cha joto, ikae kwenye nyuzi 60. Ukipandisha hadi 75 chokaa huongezeka, na ukishusha sana unakaribisha bakteria wa lejionela, wanaoleta nimonia.

Watu wengi hununua chujio wakidhani watapona. Chujio la udongo au la mkaa halitoi kalsiamu iliyoyeyuka, kama lisivyoweza kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Sumaku za kufunga kwenye bomba haziondoi madini yoyote, na ushahidi wa kazi yake hauridhishi. Kinachoyaondoa kweli ni mashine ya kulainisha maji, inayobadilisha kalsiamu kwa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Aliyekatazwa chumvi na daktari aache bomba la kunywa nje ya mashine hiyo.

Sasa ombi letu. Wasambazaji wa maji wachapishe kiwango cha ugumu kwenye kila bili. Si kipimo cha gharama: maabara hudondosha kemikali ya EDTA kwenye sampuli hadi rangi igeuke kutoka nyekundu kuwa buluu. Namba hiyo ndiyo humwambia mtu asafishe birika kila mwezi au kila miezi mitatu, na atie sabuni kiasi gani kwenye mashine. Hata mwenye mashine ya kulainisha maji hawezi kuiseti ipasavyo bila kuijua.

Mafundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani