Salma, balozi yule hakuwa na mshahara

Unguja, Jumapili usiku

Shoga yangu Salma,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, mama anakusalimu, na homa ya Nassor imepoa. Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitatu, ila leo silali mpaka nikuandikie.

Unakumbuka tulivyobishana barazani kwa kina Fatuma kuhusu Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani hapa, aliyefika 1837? Ulishikilia kuwa serikali yake ilimlipa vizuri, ndiyo maana akatajirika. Nimefuatilia, Salma. Mshahara hakuwa nao! Sheria yao ya 1792 iliruhusu mishahara kwa mabalozi wadogo wa Barbary tu, kule Afrika Kaskazini, isiyozidi dola 2,000 kwa mwaka. Waliobaki walikula ada: muhuri kwenye hati dola 2, na asilimia 5 ya mali ya Mmarekani aliyefia ugenini. Wakati huo mjumbe wao mkuu wa London au Paris alipewa hadi dola 9,000 kwa mwaka. Sasa bandarini kwetu muhuri ungemlisha nani?

Ndiyo akafanya biashara. Akashikana na Jairam Shivji, aliyekodi kwa Sayyid Said haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Pembe na sandarusi zikatoka, marobota ya merikani, kile kitambaa cha pamba cha Marekani, yakashuka. Nimetoa sandukuni kipande cha merikani cha bibi, kizito, bado kinanukia karafuu. Nimekishika nikiwaza mengi.

Linaloniuma ni hili: mfanyabiashara mwingine wa Salem, mji wa Waters kule Marekani, akidhulumiwa hapa, amlalamikie nani? Balozi ndiye mshindani wake! Na wenzake walilalamika kweli. Nalirudia kwa sababu nyote mnamlaumu Waters peke yake. Aliyemtuma mtu mbali hivi bila mshahara, alitegemea nini? Ilifika 1855 na 1856 ndipo Kongresi ikawapangia mishahara mabalozi wadogo wengi, na baadhi yao wakakatazwa biashara.

Sasa nina ombi. Karatasi za Waters zimehifadhiwa na makumbusho ya Peabody Essex, na wewe uko Boston. Unaweza kwenda siku moja ya mapumziko? Wanaruhusu kupiga picha daftari za hesabu? Nataka kuona ada na faida alivyoziandika, pamoja au mbalimbali. Na Zuhura keshajifungua? Baridi imeanza? Na ile safari ya Ramadhani, bado ipo?

Wako,
Maryam