Mcheza kwao hutunzwa, siyo soda tu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, naandika toka Tabora, Isevya.

Mgeni mkubwa akija huku kwetu cha kwanza kutafutwa ni ngoma. Wazee wa ngoma ya manyanga wanapigiwa simu usiku, alfajiri washafika uwanjani, wanakoka moto wa mabua wanazungushia ngoma zao hapo ngozi ikaze maana umande umeilegeza, halafu mgeni mwenyewe anafika saa nane mchana, anapunga mkono, anapanda gari. Malipo soda na nauli, tena nauli yenyewe ya kugombania. Siku wakienda kuomba hela ya ngozi mpya wanaambiwa fungu hakuna.

Najua kuna mtu atasema zahanati haina dawa we unaleta habari za ngoma. Sawa, ila mbona hela ya mahema, spika na fulana za sherehe haikosekanagi?

Watu wanadhani muziki wa dansi ulijiotea wenyewe kama magugu. Bendi ya NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama na wanamuziki wanakula mshahara. Mlimani Park ilianza 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la jiji la Dar. Polisi walikuwa na bendi, JKT nao hivyohivyo. Na hapa kwetu tulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids, Radio Tanzania (RTD) ikawarekodi ndo nchi nzima ikawasikia, na RTD nayo si ilikuwa hela ya umma jamani?

Leo kijana wa hapa akitaka kushika kinanda anaenda kwenye kwaya kanisani, mwenzie anajifunzia dufu madrasa, nje ya hapo labda awe na mjomba mwenye gitaa. Nawashukuru viongozi wa dini, ila hiyo kazi siyo yao peke yao. Wenzetu wa Kigoma wana wasanii hadi 2012 wakaunda Kigoma All Stars, lakini majina yao wengi yalikuzwa Dar, siyo Ujiji.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, ila unakopesha. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nayo ni mikopo. Mtu wa filamu anaweza kurudisha, sawa, sasa mzee anayefundisha watoto manyanga atarejesha kwa kuuza nini? Huyo ni wa kulipwa kama mwalimu mwingine yeyote.

Kwahiyo madiwani, mkikaa kwenye bajeti ijayo wekeni fungu la sanaa lenye jina lake, msilifiche kwenye sherehe na maadhimisho. Anzeni hata na posho ya walimu wawili watatu wa ngoma mashuleni, na magitaa machache pale kwa afisa utamaduni, kijana ajiandikishe ajifunze bure, na matumizi yabandikwe ukutani tuyaone.

Msomaji wenu, Tabora