Mazombi wapunguziwe misimu, watazamaji tumekinai

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala wa tamthilia za mazombi. Kila mtu sasa anasema zimechosha, na kweli zimechosha. Ila lawama zinamwangukia asiyehusika. Anayelaumiwa ni yule maiti anayetembea: eti amezeeka, haogopeshi, apumzishwe. Mimi naona maiti huyo bado ana kazi nzuri mbele yake, na anayepaswa kuulizwa ni mpangaji wa kalenda, aliyechukua hadithi ya kutosha sehemu 6 akaivuta mpaka nyuzi zikaonekana.

Tufanye hesabu kidogo. The Walking Dead ilianza kuonyeshwa Marekani na kituo cha AMC tarehe 31 Oktoba 2010, ikamalizika Novemba 2022 ikiwa na misimu 11 na sehemu 177. Mdogo wake, Fear the Walking Dead, alidumu kuanzia 2015 hadi 2023 kwa sehemu 113. World Beyond ikaongeza 20, Tales of the Walking Dead 6. Kisha, kati ya Juni 2023 na mwisho wa Machi 2024, zikatoka nyingine tatu, Dead City, Daryl Dixon na The Ones Who Live, kila moja ikiwa na msimu wa sehemu 6. Jumla mpaka hapo ni sehemu 334. Ukikadiria dakika 43 kwa kila sehemu, unahitaji saa 239 hivi, yaani siku kama 10 za kutazama mchana na usiku bila kulala. Huo ni ukoo mmoja tu. Sijagusa Z Nation wala iZombie, ambazo kila moja ilikwenda misimu 5, wala Black Summer.

Wingi huu una sababu, na mojawapo ni ya kisheria. Filamu iliyomzaa zombi wa sasa, Night of the Living Dead ya George Romero, ilitoka mwaka 1968 kwa bajeti ya dola 114,000 hivi. Jina la filamu lilipobadilishwa dakika za mwisho, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani likasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kosa hilo liliiacha filamu bila mwenyewe. Kwa hiyo jinamizi hili halilipiwi kibali. Yeyote mwenye kamera anaweza kumwinua mfu, akampa njaa ya nyama ya watu na kumwangusha kwa risasi ya kichwa.

Sababu nyingine ni gharama. Zombi hahitaji mishahara mikubwa wala maneno ya kukariri. Wapambaji huwagawa katika makundi. Wachache watakaosogelea kamera hukaa kitini saa moja na nusu au zaidi wakibandikwa ngozi bandia, meno na lenzi za macho. Wa kati hupakwa rangi na kuchafuliwa nguo. Wa nyuma kabisa huvaa barakoa basi, maana kamera haiwafikii. Ongeza barabara tupu na magari mabovu, dunia imekwisha.

Sasa tazama watazamaji walivyoondoka. Oktoba 2014, msimu wa 5 wa The Walking Dead ulifunguliwa na watu zaidi ya milioni 17 wa Marekani usiku uleule wa kwanza. Oktoba 2016, msimu wa 7 ulipofunguliwa, walikuwa bado milioni 17. Wiki iliyofuata wakabaki milioni 12.5 hivi. Sehemu ya mwisho kabisa, Novemba 2022, ilitazamwa na milioni 2.3. Nakubali kwamba si wote waliohama kwa kuchoka, kwani miaka hiyo watu walikuwa wakiacha televisheni ya kebo na kuhamia intaneti. Lakini kebo haimpotezei mtu watazamaji zaidi ya milioni 4 ndani ya siku 7. Hapo kuna jambo lilifanyika, na waliokuwa wakifuatilia wanalijua.

Lilianza mwaka mmoja nyuma. Katika sehemu ya 3 ya msimu wa 6, Glenn, mhusika aliyependwa tangu mwanzo, alionyeshwa ameanguka katikati ya kundi la mazombi huku matumbo yakitolewa. Hata jina la mwigizaji wake likaondolewa kwenye orodha ya mwanzo wa kipindi. Sehemu ya 7 ikaja kufichua kwamba matumbo yalikuwa ya mwenzake aliyemwangukia, naye Glenn alijiburuza chini ya pipa kubwa la taka. Mwisho wa msimu huohuo, Aprili 2016, muuaji akainua rungu lake lenye seng'enge, likashuka, na picha ikakatika bila kusema ni nani aliyepigwa. Watu walingojeshwa miezi 6 na zaidi. Jibu lilipotoka Oktoba, mmoja wa waliouawa alikuwa Glenn yuleyule.

Ubaya wa ujanja huo hauko kwenye ukatili. Kifo kwenye hadithi ya mazombi ndiyo sarafu: mtazamaji hukaa roho juu kwa sababu anaamini yeyote anaweza kuliwa muda wowote, na akifa amekufa. Ukimdanganya mara moja, kila kifo kinachofuata anakitilia shaka. Ukimngojesha nusu mwaka, anafika akiwa ameshakisia kwenye mitandao, ameshalia, na ameshakasirika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa maji yalionekana kwa macho.

Kalenda yenyewe nayo ilivujisha siri. Misimu mingi ilikuwa na sehemu 16 zilizokatwa katikati: 8 kabla ya mwisho wa mwaka, mapumziko, kisha 8 kuanzia Februari. Kwa kuwa matangazo ya biashara huuzwa ghali pale watu wanapokuwa wengi, matukio mazito yalirundikwa kwenye sehemu ya 1, ya 8, ya 9 na ya 16. Mtazamaji hachelewi kujifunza. Akishajua kwamba sehemu ya 5 hafi mtu wa maana, anaiangalia huku anachezea simu. Na sehemu hizo za katikati zilijazwa vipi? Kikundi kinagawanywa, wawili wanapelekwa msituni, wanazungumza kuhusu maisha ya zamani, wanakutana na zombi mmoja, wanarudi. Kwa mtayarishaji hii ni nafuu, maana waigizaji wachache huitwa kazini na vikosi viwili vinaweza kurekodi kwa wakati mmoja. Kwa mwenye kukaa mbele ya runinga ni saa nzima ya kwenda na kurudi palepale.

Kuna pia mzunguko ambao sasa hata mtoto anaukariri. Watu wanapata mahali salama: shamba, gereza, kijiji chenye ukuta. Wanapanda mboga. Kiongozi wa jirani anajitokeza na tabasamu na siri yake. Ukuta unaanguka, mazombi wanaingia, waliobaki wanarudi barabarani. Fundisho linalotolewa kila mara ni kwamba binadamu ni mbaya kuliko zombi. Sawa, lakini Romero alilimaliza hilo mwaka 1968 kwa dakika 96: Ben, mhusika mkuu wa filamu yake, anavumilia usiku mzima ndani ya nyumba iliyozingirwa, kunakucha, na anapigwa risasi na watu waliokuja kuokoa, wakidhani naye ni mfu. Usiku mmoja ulitosha.

Nije kwenye kosa ambalo waandishi wa tamthilia hizi hulidharau: kutotunza sheria za dunia waliyoibuni. Msimu mmoja mtazamaji husamehe. Miaka ikianza kuhesabika ndani ya hadithi, maswali yanakuja yenyewe. Petroli, kwa mfano. Ya kawaida ikikaa huanza kuharibika baada ya miezi 3 hadi 6; ikifungwa vizuri na kutiwa dawa ya kuihifadhi inaweza kufika mwaka au kuzidi kidogo. Sehemu zake nyepesi huvukiza, zinazobaki huungana na oksijeni na kuwa utomvu unaoziba vitundu vya kupitishia mafuta kwenye injini, na ile iliyochanganywa na ethanoli huvuta unyevu. Mwaka wa tatu baada ya dunia kwisha watu wangekuwa juu ya farasi na baiskeli. The Walking Dead iliwapandisha farasi kweli, lakini ilichelewa mno.

Mwili wa mfu nao una ratiba. Misuli huanza kukakamaa ndani ya saa chache baada ya kifo, hufikia ukomo kwenye saa 12 hivi, kisha hulegea katika siku moja hadi tatu kadiri ya joto. Nzi hutaga mara tu wanapoufikia, mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na katika kiangazi cha jimbo la Georgia, ambako sehemu kubwa ya hadithi hii ilirekodiwa, maiti iliyo nje inaweza kubaki mifupa kwa wiki chache. Sidai zombi awe wa kisayansi. Akisimama tu ameshavunja kanuni zote. Ninachodai ni kwamba mwandishi aamue. Kama hawaozi, atuambie. Kama wanaoza, basi mwaka wa kumi adui amekwisha, na hiyo ingekuwa hadithi nzuri kuliko nyingi tulizopewa: watu waliozoea vita wanagundua hawana tena wa kupigana naye. (Na kuna hili dogo linalonichekesha: katika The Walking Dead hakuna anayelitumia neno zombi. Kila kikundi kina jina lake la kuwaitia, kana kwamba hakuna aliyewahi kuona filamu.)

Kwamba zombi hajafa kibiashara, ushahidi upo. Kingdom ya Korea Kusini, ya mwaka 2019, iliwaweka wafu katika enzi ya wafalme wa Joseon, kwa misimu miwili ya sehemu 6. Wasioiona wanisamehe, maana nafichua: watu wanaamini wafu huamka usiku na kulala mchana, wanapanga ulinzi wao wote juu ya imani hiyo, na mwisho wa msimu wa kwanza wanatambua kwamba kinachowaamsha ni baridi, wala si giza. Majira ya baridi yanaingia. Kanuni moja imegeuzwa, na hofu imeanza upya bila kuongeza zombi hata mmoja. Ufaransa, Les Revenants ya 2012 ilirudisha wafu wakiwa wazima, wasafi, wenye njaa ya chakula cha kawaida, wakigonga milango ya jamaa walioshamaliza matanga. Uingereza, In the Flesh ya 2013 iliwapa wafu dawa na kuwarudisha kijijini kwao, walikokuwa wameua watu. Ilikuwa na sehemu 9 tu katika misimu miwili, na ilipata tuzo ya BAFTA.

Kisha The Last of Us, Januari 2023, msimu wa kwanza wa sehemu 9. Wagonjwa wake wanatawaliwa na kuvu aliyebuniwa kwa mfano wa kuvu halisi anayemwingia sisimizi, akamfanya apande juu na kuuma jani mpaka afe. Ilifunguliwa Marekani na watazamaji milioni 4.7 usiku wa kwanza, ikafungwa na milioni 8.2, na ilifungwa usiku uleule wa tuzo za Oscar. Watu walikuwa wakiongezeka karibu kila wiki, wakati ambao tunaambiwa wameshachoka. Sehemu iliyozungumzwa zaidi, ya 3, karibu haina mgonjwa ndani yake.

Kwa wanaoandika tamthilia ya aina hii, mahali popote walipo, ushauri wangu ni huu. Kabla ya mswada, andikeni ukurasa mmoja wa kanuni: muda kutoka kuumwa hadi kuamka, kasi, wanasikia au wanaona au wananusa, nini huwaangusha, wanadumu muda gani. Mwandishi akitaka kuvunja kanuni, uvunjaji wenyewe uwe ndiyo tukio. Andikeni sehemu ya mwisho kwanza, kisha mhesabu kurudi nyuma; mkipata 7, ziwe 7, msitafute 16. Acheni kufungua kwa mtu anayezinduka hospitalini akakuta mji mtupu. Filamu moja ilifanya hivyo 2002, kitabu cha picha kikafanya 2003, runinga ikafanya 2010, inatosha. Na wapunguzeni. Zombi 200 uwandani ni mandhari, macho hayajui pa kushika. Mmoja chooni, nyuma ya mlango usiofungika vizuri, akisikika kucha tu, anamtoa mtu kwenye kiti.

Mtazamaji naye ana haki ya kuacha. Aliyekoma mwisho wa msimu wa 5 wa The Walking Dead hakupoteza kikubwa, na hapaswi kuona haya kwamba hajamaliza.

Ombi langu la mwisho ni kwako, mhariri. Kwenye ukurasa wa ratiba za runinga, kando ya jina la kila tamthilia, chapisheni vitu viwili: idadi ya sehemu zake, na kama hadithi imekwisha au bado inaendelea. Nafasi inayohitajika ni ya tarakimu tatu na neno moja.

Msomaji wenu