Mpwa wangu, usiiache kozi ya udhaifu wa mifumo

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia unataka kubadili kozi. Anasema umechoshwa na lile somo la kusimamia vihatarishi vya udhaifu wa mifumo, kwamba ulikwenda chuo ukitarajia kufundishwa udukuzi, na badala yake mnajaza majedwali, mnahesabu alama na kubishana kipi kirekebishwe kwanza. Nimeamua kukujibu hapa hadharani kwa sababu wenzako wengi wa mwaka wa kwanza hapo Mbeya, na wa Iringa pia, wana manung'uniko hayohayo. Sitaki muondoke mmoja mmoja kabla hamjaelezwa kilichomo ndani.

Majedwali hayo ndiyo kazi yenyewe.

Tangu mwaka 1999 udhaifu unaotangazwa kwenye programu, yaani kasoro inayoweza kumfungulia mhalifu mlango, hupewa namba katika orodha ya CVE, inayoendeshwa na shirika la MITRE la Marekani. Mwaka 2024 peke yake ziliongezwa namba zaidi ya 40,000. Hakuna ofisi duniani inayoweza kuuziba udhaifu wote huo, hata yenye fedha za kumwaga. Sasa tazama upande wa pili. Tangu Novemba 2021 CISA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama wa mtandao, anatunza orodha ya udhaifu ambao imethibitika kwamba wahalifu wanautumia. Orodha hiyo, ukijumlisha miaka yote, ni elfu moja na mia kadhaa tu. Mtu aliyesoma kozi yako ndiye anayeajiriwa kusimama katikati ya orodha hizo mbili na kusema: leo tunaanza na hiki, kile kitasubiri, na sababu zangu ni hizi.

Alama za CVSS, kipimo cha ukali wa udhaifu, mnazohesabu zinaanzia 0 hadi 10, na kuanzia 9 ndiyo ngazi ya juu kabisa ya hatari. Wengi wakishazipata hupanga kubwa juu, ndogo chini, wakaona wamemaliza. Usiwe hivyo. Mwaka 2014 uligunduliwa udhaifu wa Heartbleed kwenye OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Mtu aliye mbali aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, vikiwamo nywila na funguo za siri. Kwa kanuni ya wakati ule ulipewa alama 5.0, yaani hatari ya wastani! Waliofuata alama peke yake waliuweka katikati ya foleni, wakati mafundi wa dunia nzima walikuwa hawalali.

Alama inapima ukali wa udhaifu wenyewe. Haijui kompyuta hiyo imekaa wapi, imebeba nini, wala nani ataumia ikizimika. Hata FIRST, wanaoitunza CVSS, wameweka sehemu ya kuingiza mazingira yako, na wametengeneza pia kipimo kingine, EPSS, kinachokadiria uwezekano wa udhaifu kutumiwa na wahalifu ndani ya siku 30 zijazo. Hiyo sehemu ya mazingira hakuna mgeni atakayekujazia. Unamkumbuka bibi yako kule Isongole msimu wa mvua? Bakajani chelewa, ule ugonjwa wa viazi, ikisikika kwa majirani, hakimbilii kupuliza dawa shamba zima la viazi. Anashuka kwanza kule bondeni kunakotuama ukungu, kwa kuwa shamba analijua tuta kwa tuta.

Kutokujua shamba ndiko kulikoiponza Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Machi 2017 ulitangazwa udhaifu kwenye Apache Struts, programu waliyokuwa wakiitumia, na marekebisho yake yakatolewa papo hapo. Wakubwa walituma barua pepe wakiagiza kila anayehusika arekebishe. Lakini orodha ya wapokeaji ilikuwa ya zamani, na waliopaswa kuisoma hawakuipata. Wakafanya ukaguzi kwa programu maalumu. Ukaguzi nao haukuuona mfumo wenye tatizo. Wezi waliingia Mei, wakakaa hadi mwisho wa Julai. Kifaa cha kuchungulia yanayopita kwenye mtandao kilikuwepo, ila cheti chake cha kidijitali, kinachokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofumbwa, kilikuwa kimeisha muda, kwa hiyo hakikuona kitu. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaondoka. Soma tena mlolongo huo taratibu, mpwa wangu. Marekebisho yalikuwepo, agizo lilitoka, na ukaguzi ulifanyika. Kilichokosekana ni orodha sahihi ya mifumo waliyonayo na wahusika wake, yaani lile jedwali la kwanza kabisa unalolichukia.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo nakuhitaji. Mimi nahudumia kompyuta za ofisi ndogondogo kuanzia Tunduma hadi Makambako: vyama vya ushirika vya kahawa, SACCOS, zahanati, maduka ya pembejeo. Vitabu vyenu vinaandikwa kana kwamba sasisho ni la bure. Huku sasisho ni bando. Mhasibu wa chama ananunua bando kwa fedha yake, kompyuta inalimaliza asubuhi kabla hajafungua hata barua pepe moja, na siku hiyohiyo anamwita fundi amzimie masasisho yote. Nani atamlaumu? Wengine wanatumia Windows isiyo na leseni, na aliyeiweka alizima masasisho makusudi ili isigundulike. Kisha kuna umri wa mashine. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi ninazozihudumia haziwezi kupokea Windows 11, na chama hakina fedha ya kununua nyingine mpaka kahawa iuzwe.

Ukimwendea mwenyekiti wa chama hicho na ripoti ya kurasa nyingi zenye rangi nyekundu, ataifunga ndani ya kabati. Akija mtu aliyefundishwa kupima kihatarishi, atauliza kwanza: ni kompyuta ipi inashika hesabu za wanachama? Hiyo inasasishwa hata kama nyingine zote zitangoja. Ataiweka kompyuta moja ipakue sasisho usiku na nyingine zichukue kwake ndani ya mtandao wa ofisi, jambo ambalo Windows yenyewe inaliwezesha, ili bando lilipwe mara moja. Atabadilisha nywila ya ruta iliyotoka nayo kiwandani, udhaifu ambao mara nyingi hutaukuta na namba ya CVE popote, na kuuondoa hakugharimu hata shilingi.

Na kuna visivyorekebishika. Chukua mashine ya picha za mionzi hospitalini, inayoendeshwa na kompyuta ya zamani ambayo mtengenezaji haruhusu iguswe. Kuizima ni kuwanyima wagonjwa huduma. Kuiacha wazi ni kualika balaa. Kozi yako inafundisha njia ya tatu: itenge na mtandao wa ofisi, izuie isifike intaneti, andika kwenye rejesta ya vihatarishi kwamba udhaifu upo, na mganga mfawidhi asaini kuwa ameukubali hadi tarehe fulani. Saini hiyo naithamini kuliko programu yoyote ya ukaguzi. Inamfanya mwenye mamlaka abebe uamuzi wake, na inamlinda kijana wa kompyuta asije kutupiwa lawama peke yake.

Usidhani hospitali ni mfano wa kutunga. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizikumba hospitali za umma za Uingereza, na maelfu ya wagonjwa wakafutiwa miadi. Microsoft walikuwa wametoa marekebisho tangu Machi. Kompyuta nyingi zilizoathirika huko zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa ikipata masasisho. Hazikuwa zimesasishwa tu.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. SACCOS yenye namba za NIDA za wanachama wake imo humo. Wataalamu wa kuwasaidia watatoka wapi, kama nyie mnakimbia?

Jambo moja nakusihi kwa uzito wote. Usijaribu programu za ukaguzi kwenye mtandao wa chuo, wa benki wala wa jirani bila ruhusa ya maandishi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa la jinai, na "nilikuwa najifunza" haitakusaidia mahakamani. Weka OpenVAS, programu ya ukaguzi ya bure, kwenye laptop yako na ukague mashine zako mwenyewe. Pia soma tahadhari za TZ-CERT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Zinakueleza kinachoendelea nchini mwetu.

Subiri kwanza kuijaza fomu ya kubadili kozi. Nimezungumza na viongozi wa chama kimoja cha ushirika wilayani Mbozi, na wamekubali kwa maandishi uje likizo hii ufanye kazi yako ya vitendo kwao. Siku ya kwanza hutagusa programu yoyote ya ukaguzi. Utazunguka na karani ukiandika kila kompyuta, kila simu ya ofisi na kila ruta: inafanya nini, nani anaitumia, ilisasishwa lini. Jioni tutakaa na mwenyekiti, naye atuambie akipoteza kipi msimu wa malipo wakulima watakosa fedha zao. Njoo na daftari kubwa, na sweta pia, baridi ya huku unaijua.

Mjomba wako,
Uyole